Upangishaji wa nyumba kwa muda mfupi

Upangishaji wa nyumba kwa muda mfupi ni utaratibu ambao mwenye nyumba, au mtu aliyekabidhiwa nyumba, humpa msafiri chumba, fleti au nyumba nzima kwa siku au wiki chache kwa malipo. Tofauti na hoteli, mahali hapo huwa ni makazi ya kawaida yenye jiko, sebule na friji, na mara nyingi hakuna mapokezi wala mfanyakazi wa usiku. Nchini Kenya watu wengi huita nyumba yoyote ya namna hii "Airbnb" au "BnB", hata kama haikutangazwa kupitia kampuni ya Airbnb.

Kwa kuwa kila nyumba ina mwenyewe na hali yake, wageni hukutana na mambo tofauti sana. Mmoja hupokelewa vizuri na kutumia fedha kidogo. Mwingine hufika usiku akakuta mlango umefungwa na simu ya mwenyeji haipokelewi. Taratibu kadhaa zinazowalinda wageni na wenyeji leo zilianzishwa baada ya matukio mabaya.

## Historia

Kupanga nyumba kwa ajili ya likizo ni desturi ya zamani. Huko Ulaya na Marekani familia zilikuwa zikipanga nyumba za pwani au milimani kupitia matangazo ya magazeti na mawakala. Intaneti iliwawezesha wenye nyumba na wasafiri kukutana moja kwa moja. Mwaka 1995 David Clouse, aliyekuwa na fleti ya likizo katika jimbo la Colorado, Marekani, alianzisha tovuti ambayo leo inaitwa Vrbo. Mwaka 2006 ilinunuliwa na kampuni ya HomeAway, na mwaka 2015 HomeAway ilinunuliwa na Expedia.

Oktoba 2007 vijana wawili wa San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia, walikuwa na shida ya kulipa kodi ya nyumba. Mjini kulikuwa na mkutano wa wabunifu na hoteli zilijaa, kwa hiyo walitandika magodoro ya kujaza hewa sebuleni na kupokea wageni kwa malipo. Mwaka 2008 walishirikiana na Nathan Blecharczyk kufungua tovuti iliyokuja kuitwa Airbnb. Desemba 2020 hisa za kampuni hiyo zilianza kuuzwa katika soko la hisa la Marekani.

## Utaratibu

Mwenyeji huweka kwenye tovuti picha za nyumba, bei, idadi ya wageni na masharti yake. Mgeni huchagua tarehe na kulipa kupitia tovuti hiyo. Katika Airbnb, mwenyeji hutumiwa fedha takriban saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia, ili mgeni apate nafasi ya kulalamika kama nyumba si ile aliyoahidiwa. Ufunguo hutolewa na mwenyeji, na mlinzi, au huwekwa katika kisanduku kinachofunguliwa kwa namba ya siri.

Baada ya kuondoka, mgeni humpa mwenyeji nyota na maoni, naye mwenyeji humwandikia mgeni. Tangu mwaka 2014 Airbnb huficha maoni ya pande zote mbili mpaka wote wawe wameandika au siku 14 zipite. Lengo ni kuzuia mtu asilipize kisasi kwa maoni mabaya aliyoyasoma.

Hata hivyo nyota hizo hazitoshi kupima ubora. Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu asilimia 95 ya nyumba za Airbnb zilikuwa na wastani wa nyota 4.5 au 5. Si rahisi mgeni aliyepokewa nyumbani kwa mtu, akala na kuzungumza naye, aandike kwamba godoro lilikuwa bovu. Kwa sababu hiyo maelezo ya maneno, hasa ya miezi ya karibuni, huwa na msaada kuliko idadi ya nyota.

## Mambo mazuri

Faida inayotajwa zaidi ni gharama. Familia ya watu sita inayohitaji vyumba vitatu vya hoteli inaweza kukaa katika nyumba moja, ikapika chakula chake na kufua nguo. Hilo huwafaa pia wanaosafiri kwa matibabu, msiba, harusi au kazi ya wiki kadhaa.

Faida nyingine ni kukaa kati ya wenyeji. Mgeni anayelala katika nyumba ya kijijini Jambiani, Unguja, huona wakulima wa mwani wakienda shambani maji yanapokupwa. Hununua mkate dukani kwa jirani na kuelezwa ni daladala ipi inayokwenda mjini. Mwenyeji mwenyewe hupata kipato, naye huwapatia kazi watu wa usafi, wapishi, mafundi na madereva wa eneo hilo.

## Matatizo

### Nyumba isiyofanana na tangazo

Malalamiko ya kawaida ni uchafu, picha za zamani, kelele za jirani, na ada ya usafi ambayo hufanya bei ya mwisho iwe kubwa kuliko ile iliyoonekana kwanza. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki kuna pia suala la umeme na maji: nyumba nzuri isiyo na jenereta wala tangi la akiba huwa mzigo siku umeme au maji yanapokatika.

Udanganyifu hutokea hasa malipo yanapofanywa nje ya tovuti. Tapeli huchukua picha za nyumba ya mtu mwingine, hutaja bei ya chini na kuomba amana itumwe kwa simu. Mgeni hufika na kukuta nyumba haipo au mwenye nyumba hamjui.

### Uharibifu wa mali

Wenyeji pia hupata hasara. Mwaka 2011 mwanamke mmoja wa San Francisco alirudi nyumbani na kukuta wageni wameiba na kuharibu mali yake. Baada ya habari hiyo kusambaa, Airbnb ilianzisha dhamana ya kuwafidia wenyeji hadi dola 50,000, ambayo mwaka 2012 iliongezwa hadi dola milioni moja.

### Faragha na usalama

Wageni wengine wamegundua kamera zilizofichwa ndani ya nyumba. Kwa muda mrefu Airbnb iliruhusu kamera sebuleni na kwenye korido ikiwa mgeni ameambiwa. Tangu tarehe 30 Aprili 2024 imezipiga marufuku ndani ya nyumba kabisa. Za nje zinaruhusiwa, lakini lazima zitajwe kwenye tangazo.

Oktoba 2019 watu watano waliuawa kwa risasi katika sherehe kwenye nyumba iliyopangishwa mjini Orinda, California. Mwaka uliofuata Airbnb ilikataza sherehe katika nyumba zake duniani kote.

Nchini Kenya, Januari 2024 wanawake wawili waliuawa kwa nyakati tofauti katika nyumba za muda mfupi jijini Nairobi. Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya watu waliandamana katika miji mbalimbali kupinga mauaji ya wanawake. Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii iliwataka wenye nyumba hizo wajisajili. Mauaji hayo yalionyesha udhaifu wa nyumba zisizo na mapokezi: mgeni anaweza kuingia na kuondoka bila mtu yeyote kuandika jina lake au kuangalia kitambulisho chake.

### Ubaguzi

Mwenyeji anapoweza kumchagua mgeni, anaweza pia kumkataa kwa sababu ya rangi. Benjamin Edelman, Michael Luca na Dan Svirsky wa Chuo Kikuu cha Harvard walituma maombi yaliyofanana kwa wenyeji wa Marekani, wakibadilisha majina tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba maombi yenye majina ya Wamarekani weusi yalikuwa na nafasi ndogo ya kukubaliwa, kwa takriban asilimia 16, kuliko yale yenye majina ya weupe. Mwaka 2018 Airbnb ilitangaza kwamba mwenyeji hataona picha ya mgeni kabla ya kukubali ombi lake.

## Athari kwa miji na sheria

Anayelalamika si mgeni peke yake. Fleti inayoingiza fedha nyingi zaidi kwa watalii huondolewa katika soko la wapangaji wa kudumu, na majirani husumbuliwa na masanduku na kelele za watu wanaobadilika kila siku chache. Kwa hiyo miji kadhaa imeweka mipaka:

* London: nyumba nzima isizidi siku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji.
* Amsterdam: mwaka 2019 mji uliweka kikomo cha siku 30 kwa mwaka kwa nyumba nzima.
* New York: tangu Septemba 2023, anayepangisha kwa chini ya siku 30 lazima ajisajili, awepo nyumbani mwenyewe, na asipokee wageni zaidi ya wawili.
* Barcelona: Juni 2024 meya Jaume Collboni alitangaza kwamba leseni 10,101 za fleti za watalii hazitaendelea baada ya Novemba 2028.

Wanaounga mkono mipaka hiyo husema nyumba ni za kuishi kwanza. Wanaoipinga husema inawanyima kipato watu wa kawaida wenye chumba kimoja cha ziada, na kuzipa hoteli nafasi ya kupandisha bei.