Je, Wajua? Tone la Wino, Kompyuta na Doa la Kahawa

Je, wajua kwamba kijiko kimoja cha chai cha wino, yaani mililita 5, kinatosha matone bilioni moja? Printa ya wino katika saiba yoyote ya Makutano mjini Meru, au kule Embu mjini, hutoa matone ya pikolita chache tu. Tone la pikolita 5 lina kipenyo cha takriban maikromita 21, ilhali unywele wa mtu kwa kawaida huwa na 50 hadi 100.

Tone hilo huruka kwa kasi ya mita 5 hadi 10 kwa sekunde, na tundu moja la printa huweza kurusha maelfu ya matone ndani ya sekunde hiyohiyo. Kwa jicho tupu huoni kitu. Kwa hiyo wahandisi hulirusha tone ndani ya kompyuta kwanza, mara nyingi wapendavyo, kabla ya kutoboa tundu lenyewe.

Je, wajua kwamba hesabu yake ilianza kabla ya kompyuta kuwapo? Mfaransa Félix Savart alichunguza jinsi mchirizi wa maji unavyokatika mwaka 1833. Mwaka 1878 Lord Rayleigh wa Uingereza akakokotoa kwamba mchirizi hukatika upesi zaidi pale mawimbi madogo yaliyo juu yake yanapoachana kwa takriban mara 4.5 ya kipenyo chake. Fungua bomba la jikoni kidogo tu, utazame chini ya mchirizi: Rayleigh yuko pale.

Je, wajua kwa nini huwezi kuchapa kwa asali ya Mbeere? Mjerumani Wolfgang von Ohnesorge alitupatia kipimo cha jambo hilo mwaka 1936. Hupambanisha mambo mawili: mnato wa kimiminika, na mkazo wa uso, ile nguvu inayokifanya kimiminika kijikusanye kuwa tone. Kipimo hicho kikipinduliwa hupatikana namba iitwayo Z, na mwaka 2000 watafiti Reis na Derby, wakitumia uigaji wa kompyuta, walionyesha kwamba wino mzuri una Z kati ya 1 na 10. Nimepiga hesabu kwa tundu la maikromita 25. Wino mwepesi wa kawaida unakaribia 10. Maji matupu yanafika 42 hivi. Asali haifiki hata 0.01, itaganda mlangoni isitoke.

Na maji yana ubaya gani, mbona hutoka kwa urahisi? Tatizo ni mkia. Tone linapochomoka huburuta uzi mwembamba nyuma yake, na uzi huo ukikatika vibaya huzaa vitone vidogo visivyoitwa. Hivyo ndivyo vinavyotia ukungu pembeni mwa herufi. Katika printa zinazotumia fuwele inayojikunja ikipitishiwa umeme, dawa ni kubadili umbo la mpigo wa umeme. Kompyuta hujaribu mamia ya mipigo bila kumwaga hata tone.

Hufanyaje? Huigawa nafasi kuwa vyumba vidogo vidogo, kisha huuliza kila chumba: umejaa wino kiasi gani? Sifuri ni hewa tupu, moja ni wino mtupu, na katikati ndipo uso wa tone ulipo. Njia hiyo ilichapishwa na watafiti Hirt na Nichols mwaka 1981. Baadaye mwanahisabati James Sethian wa Berkeley, Marekani, aliyebuni njia nyingine ya kufuata uso huo pamoja na Stanley Osher mwaka 1988, alishirikiana na watafiti wa Epson kuigiza tone la printa.

Je, wajua kwamba mwinuko wa Mlima Kenya hauzisumbui sana printa? Mjini Meru, takriban mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na githeri hudai kuni zaidi kuliko Mombasa. Lakini printa za Canon na HP zinazotumia joto hupasha wino hadi karibu nyuzi 300 kwa maikrosekunde chache. Hapo hakuna kuchemka polepole. Povu hulipuka mara moja na kusukuma tone nje. Kwa joto hilo, upungufu mdogo wa shinikizo la hewa haubadilishi mengi.

Sasa kahawa, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Tone la kahawa likikauka mezani huacha duara jeusi pembeni na weupe katikati. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza sababu. Ukingo wa tone hunata mezani, maji hukauka haraka zaidi pale ukingoni, na maji ya katikati hukimbilia kuziba pengo yakibeba chembe zote za kahawa. Tone la wino hufanya vivyo hivyo kwenye karatasi laini, na anayechapa saketi za umeme kwa wino wa fedha hupata pete mahali alipotaka mstari. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba chembe zenye umbo la yai huizuia pete hiyo, kwa kuwa hushikana juu ya uso wa tone kabla ya kufika ukingoni.

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa hisabati pale Nchiru, Chuo Kikuu cha Meru, au wa Chuo Kikuu cha Embu, anaweza kuanza kazi hii leo? Programu za OpenFOAM na Basilisk, hii ya pili ikiwa ya Stéphane Popinet, hupatikana bure. Tone ni la mviringo, kwa hiyo halihitaji kukokotolewa lote: unakokotoa kipande chembamba kutoka katikati hadi ukingoni, na kompyuta inakizungusha. Kwa hila hiyo moja, laptopu ya kawaida inatosha.