Kanuni Kwanza au Mfano Kwanza? Njia za Kufundisha Sarufi Darasani

Katika likizo iliyopita baadhi yetu mafrateri tulikwenda parokiani, na huko tukaombwa kusaidia kufundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule moja ya sekondari. Tuliandika kanuni ubaoni: katika wakati uliopo, kitenzi cha nafsi ya tatu umoja huongezwa herufi "s" mwishoni. Wanafunzi wakainakili, wakaikariri, wakaisema kwa pamoja. Tukamsimamisha kijana mmoja, naye akaieleza kanuni yote bila kukosea neno. Tukamwambia sasa atunge sentensi. Akasema: "My father go to church." Darasa likacheka, na sisi walimu tukacheka. Kwa majuma mawili yaliyobaki kijana yule hakunyoosha mkono tena.

Tulirudi seminarini na jambo hilo moyoni, kwa kuwa sisi wenyewe tunaketi kwenye dawati lake kila kinapofika kipindi cha Kilatini. Tunazitaja nomino na miisho yake yote kama wimbo, lakini tukipewa sentensi fupi ya maneno matatu tunatazamana. Hivyo tuliona vema kueleza kwa kifupi njia ambazo walimu wametumia kufundisha sarufi, na ipi tunadhani inamfaa mwanafunzi wa mazingira yetu.

Sarufi ni nini?

Sarufi ni utaratibu unaoyawezesha maneno kubeba maana yakiwa pamoja. Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili husema "viti vyangu vimevunjika" kabla hajasikia kwamba kuna kitu kinaitwa ngeli. Anaijua sarufi, ila hawezi kuieleza. Yule kijana wa kidato cha kwanza alikuwa kinyume chake: aliweza kuieleza kanuni, lakini hakuweza kuitumia. Kumbe kuna kujua kutumia na kuna kujua kueleza, na kimoja hakileti kingine chenyewe. Tunaosoma falsafa tunakumbuka fundisho la Aristotle kwamba ustadi hupatikana kwa kutenda. Mtu hawi fundi kwa kusikia maelezo ya ufundi.

Njia ya kwanza: kanuni, kisha mfano

Hii ndiyo njia tunayoifahamu zaidi. Mwalimu anatoa kanuni, anaonyesha mifano, mwanafunzi anafanya mazoezi na kutafsiri. Katika mantiki tungesema anashuka kutoka jambo la jumla hadi jambo moja moja.

Njia hii ina mizizi mirefu katika Kanisa. Mtakatifu Jeromu, mfasiri mkuu wa Biblia kwa Kilatini, alifundishwa sarufi mjini Roma na Donatus katika karne ya 4. Kitabu kidogo cha Donatus kilipangwa kwa maswali na majibu, kama katekisimu, na kilitumika shuleni kwa zaidi ya miaka elfu moja. Baadaye Wajesuiti walieneza sarufi ya Kilatini ya mwenzao Manuel Álvares, iliyotoka mwaka 1572.

Faida yake ni kwamba inaokoa muda na inampa mwanafunzi mtu mzima ramani ya lugha. Pia inafaa darasa kubwa. Hatari yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kuishika ramani asisafiri kamwe. Tena, pale ambapo kukariri kunasimamiwa kwa fimbo au kicheko, lugha yenyewe inachukiwa. Mtakatifu Augustino anasimulia katika Maungamo yake jinsi alivyokichukia Kigiriki shuleni, huku Kilatini akiwa amekipata utotoni bila hofu, akibembelezwa na walezi. Yeye mwenyewe anaona kwamba hamu ya kutaka kujua ina nguvu kuliko kulazimishwa kwa vitisho.

Njia ya pili: mfano, kisha kanuni

Hapa mwalimu anaanza na sentensi zinazoeleweka, na mwanafunzi anaongozwa kuigundua kanuni. Anapanda kutoka jambo moja moja hadi jambo la jumla.

Tuchukue maneno ambayo hata mwanakwaya wa parokiani anayafahamu: *Agnus Dei*, *Deo gratias*, *Te Deum*. La kwanza ni Mwanakondoo wa Mungu. La pili ni shukrani kwa Mungu. La tatu ni mwanzo wa utenzi wa kumsifu Mungu. Mwalimu akiyaandika ubaoni anaweza kuuliza: neno Mungu liko wapi katika kila moja? Limebadilika vipi? Kwa Kiswahili tunaonyeshaje mabadiliko hayo? Mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba kwa Kiswahili neno "Mungu" linabaki vilevile, na kazi inafanywa na maneno au viambishi vya pembeni: *wa* Mungu, *kwa* Mungu, tuna*m*sifu Mungu. Kwa Kilatini kazi hiyohiyo inafanywa na mwisho wa neno: *Dei*, *Deo*, *Deum*.

Akishaliona hilo, anapewa sentensi nyingine. *Petrus Paulum videt* maana yake ni Petro anamwona Paulo. Ukigeuza mpangilio ukasema *Paulum Petrus videt*, bado anayeona ni Petro. Lakini kwa Kiswahili ukisema "Paulo anamwona Petro", umebadilisha habari yote. Ndiyo maana sisi wengi tunakosea tafsiri: tunasoma Kilatini kwa mpangilio wa Kiswahili, tukidhani neno linalotangulia ndilo mtenda, wakati tulipaswa kutazama mwisho wa neno. Orodha ya miisho tulikuwa nayo kichwani, ila hatukuwa tumeambiwa ni ya kazi gani.

Walimu kadhaa mashuhuri wa Kilatini walifuata njia hii. Hans Ørberg, wa Denmark, aliandika kitabu cha kujifunza Kilatini ambacho kimeandikwa kwa Kilatini tangu ukurasa wa kwanza. Kinaanza na ramani na sentensi nyepesi kuhusu miji na mito, na kila kanuni inajitokeza ndani ya habari kabla ya kuelezwa. Padre Reginald Foster, Mkarmeli kutoka Marekani aliyefanya kazi ya Kilatini Vatikano kwa miaka mingi, alifundisha mjini Roma hadi uzeeni. Hakuanza na kukaririsha majedwali. Aliwapa wanafunzi maandishi halisi tangu siku za mwanzo, akawaonyesha sarufi humohumo. Alifariki mwaka 2020.

Ugumu wa njia hii ni kwamba inataka muda na maandalizi. Mifano ikichaguliwa vibaya, mwanafunzi atagundua kanuni isiyo sahihi.

Njia ya tatu: lugha bila sarufi

Wapo wanaosema sarufi isifundishwe kabisa, mtu azungumze tu kama mtoto anavyojifunza kwa mama yake. Jambo hili lilijaribiwa kwa sehemu kubwa huko Kanada. Tangu mwaka 1965, katika mji wa Saint-Lambert karibu na Montreal, watoto wa wazazi wanaosema Kiingereza walianza kufundishwa masomo yao kwa Kifaransa. Matunda yalikuwa mazuri: watoto walielewa Kifaransa vizuri na wakakitumia bila woga. Lakini watafiti walibaini kwamba, hata baada ya miaka mingi, katika kuongea na kuandika makosa ya sarufi yaliendelea, kwa mfano katika jinsi ya nomino.

Nasi tunaliona hapa kwetu. Mtu anaweza kuishi na Kiswahili miaka mingi na bado akasema "kitabu hii". Wanaomsikia wanamwelewa, kwa hiyo hakuna kinachomsukuma kubadilika. Kusikia peke yake hakutoshi, inabidi mtu aonyeshwe mahali pa kutazama.

Tufanyeje?

Kwa maoni yetu, kanuni ni ya lazima, ila isitangulie maana. Mwanafunzi kwanza aielewe sentensi. Pili, aulizwe anaona nini kimebadilika. Tatu, mwalimu aitaje kanuni kwa maneno machache, bila kumwacha mwanafunzi akibahatisha kipindi kizima. Nne, mwanafunzi aitumie papo hapo kusema jambo lake mwenyewe. Jedwali lije mwishoni, likusanye kile ambacho tayari kinajulikana. Hapo hata kukariri kunakuwa na faida, kwa sababu mtu anakariri kitu anachokielewa.

Kuhusu makosa, tujifunze kusahihisha bila kuaibisha. Kijana aliposema "My father go to church", tungeweza kumjibu: "Very good, your father goes to church. And your mother?" Angelisikia neno sahihi, angepata nafasi ya kulitumia, na wenzake wasingepata sababu ya kucheka.

Hitimisho

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 249, inataka waseminari wafundishwe vizuri lugha yao wenyewe, wajue vema Kilatini, na wapate lugha nyingine zinazohitajika kwa huduma. Kusudi si kufaulu mtihani tu. Padre asiyeweza kusoma atategemea daima yale aliyosomewa na wengine. Tena wengi wetu tutakuwa walimu, ama wa shule ama wa makatekista, na kila mmoja hufundisha jinsi alivyofundishwa, asipokuwa mwangalifu. Sisi tulifanya hivyo mbele ya darasa zima, na aliyelipa gharama ni kijana wa kidato cha kwanza.

Wazazi nanyi, mtoto akirudi nyumbani na kanuni kichwani, msimwombe aikariri tu. Mwombeni awaambie kwa lugha hiyo alichokula mchana. Likizo ijayo, Mungu akipenda, tutarudi katika shule ile. Tutamtafuta kijana yule, tumwombe radhi, kisha tumuulize habari za baba yake.