Lishe na Usafi wa Buibui Mkubwa wa Kufugwa

Katika nyika za Kenya na Tanzania huishi buibui mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya kutu, ambaye mtaalamu wa Kijerumani Ferdinand Karsch alimtangaza mwaka 1885, na ambaye katika elimu huitwa leo Pelinobius muticus. Makao yake ni shimo refu alilolichimba mwenyewe, na wako watu wa Ulaya na Marekani wamfugao majumbani mwao ndani ya masanduku ya kioo. Wengi wao, kwa kadiri nionavyo, humdhuru kwa wingi wa huruma.

Aliye mgeni wa kazi hii hudhani kwamba kiumbe asiyekula kila siku yumo katika dhiki. Sivyo hata kidogo. Buibui huyu akiisha kukua hutosheka na nyenje au mende mmoja kwa juma, au kwa majuma mawili, na aweza kukaa miezi bila kula wala asidhurike, maadamu kisahani chake kina maji safi. Bali tumbo lililonenepa kupita kiasi ni hatari, kwani akianguka hupasuka. Hatari kubwa zaidi ni wakati wa kujivua gamba, ambapo hulala chali hata asiyejua humdhania maiti, na meno yake huwa meupe na laini, asiweze kujitetea, na nyenje aliyeachwa humo aweza kumtafuna yu hai. Windo lisiloliwa hata asubuhi litolewe, na chakula kizuiwe mpaka meno yamekuwa meusi.

Ama usafi, asili ya taabu ni mabaki ya chakula. Buibui hatafuni akameza. Humwagia windo maji ya kuliyeyusha, akafyonza, kisha akaacha kidonge cha magamba na miguu, nacho kikibakia penye unyevu huzaa ukungu na kuwaita utitiri na vijinzi. Kiondolewe mapema, tena kwa kibano kirefu, maana buibui hawa wa Afrika hawana yale manyoya ya kuwasha waliyo nayo wengi wa jamaa zao wa Amerika, na kinga yao ni meno yenye sumu ya maumivu makali. Kinyesi chake kilichoganda kiooni chatosha kupanguswa kwa kitambaa na maji ya moto. Dawa ya kuulia wadudu isipulizwe hata katika chumba alimo, wala asipewe panzi wa shambani ambaye haijulikani alikula majani yaliyonyunyizwa nini.

Lakini desturi ya kubadili udongo wote kila mwezi naipinga kabisa. Macho ya buibui huyu ni dhaifu, na habari za windo na za adui humfikia kwa mtikisiko wa ardhi na wa nyuzi alizozitandika mlangoni pake. Mwenye kuzifagia kwa kuzidhani uchafu humpokonya hisia zake, na mwenye kulibomoa shimo humtia katika hofu ambayo kwayo aweza kususia chakula siku nyingi. Udongo ubadilishwe pale tu ukungu au utitiri ulipokwisha kuenea.