Viza ya Australia: ya kudumu ao ya muda? Hesabu ya enjeniere wa Baraka

FIZI / BARAKA. Hapa Baraka, simu ya kutoka Australia haishangazi mtu tena. Tangu vita vya 1996, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa Tanganika mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikawa nyumba yao ya miaka mingi. Toka kule wamoja walipelekwa Amerika, wengine Australia. Leo wale waliofika njo wanapigia simu wadogo zao waliobaki na kuwaambia: wewe uko na diploma, tafuta viza ya kazi.

Tuseme wazi kwanza: hii si njia ya wakimbizi. Mkimbizi anachaguliwa kwa sababu ya hatari aliyo nayo. Mtu wa viza ya ufundi anachaguliwa kwa sababu ya kazi anayoijua, umri wake na Kiingereza chake. Vita vya kwetu haviongezi hata pointi moja.

Kwa mtu anayetafuta jimbo la Australia limuunge mkono, milango ni miwili. Wa kwanza ni viza namba 190, ya kudumu. Siku unayoingia Australia nayo, wewe ni mkaaji wa kudumu. Jimbo lililokuunga mkono linakuomba ukae kwake, mara nyingi miaka 2. Wa pili ni viza namba 491, ya muda. Ilianza Novemba 2019, na inadumu miaka 5. Lazima uishi, ufanye kazi na usome mikoani tu. Kiisha miaka 3, ukiwa na karatasi za kodi za miaka hiyo, unaweza kuomba viza ya kudumu namba 191.

Kila mtu angechagua ya kudumu, sivyo? Lakini tufanye hesabu.

Tuchukue enjeniere wa ujenzi, mwenye miaka 30, lisansi ya chuo kikuu na miaka 5 ya kazi iliyokubaliwa. Ameoa, na bibi yake hajui Kiingereza. Umri unampa pointi 30, diploma 15, kazi 10. Kiingereza chake ni cha kiwango cha chini kinachokubaliwa, ni kusema IELTS 6 kwa kila sehemu: hapo anapata sifuri. Jumla 55. Kinachotakiwa ni 65.

Viza 190 inamuongezea pointi 5 tu: anafika 60, mlango unabaki umefungwa. Viza 491 inamuongezea 15: anafika 70, anaingia kwenye mstari. Akirudi shuleni na kupata IELTS 7 kwa kila sehemu, anaongezewa pointi 10, na hapo hata 190 inamfungukia. Kwa hiyo, kabla ya kuuza shamba ao kukopa, mwalimu mzuri wa Kiingereza njo anaweza kubadilisha viza ya muda kuwa ya kudumu. Tukumbuke tu kwamba 65 ni ruhusa ya kusimama kwenye mstari. Wanaoitwa ni wenye pointi nyingi na kazi zinazotafutwa.

Viza 491 iko na jambo lingine linalogusa watu wa Fizi: ndugu anaweza kukuunga mkono pahali pa jimbo, kama kazi yako iko kwenye liste inayotakiwa. Enjeniere wa ujenzi yumo. Ndugu huyo awe raia ao mkaaji wa kudumu, na aishi mikoani, kwa mfano Albury-Wodonga, kwenye Wakongomani wengi. Lakini hapa kwetu kila mtu wa ukoo ni ndugu, na kule hapana. Kaka, dada, mjomba, shangazi, mtoto wa baba mdogo: hao wanahesabika. Mtu tuliyekua naye kartye moja hahesabiki.

Na neno «mikoani» lisiogopeshe. Kwa sheria ya viza hii, ni nchi nzima kasoro Sydney, Melbourne na Brisbane. Perth, Adelaide na hata Canberra, mji mkuu, ni mikoani. Ila ukihamia Sydney kwa sababu rafiki amekupatia kazi, viza inaweza kufutwa.

Sasa jambo zito kuliko pointi: jamaa. Kwa viza zote mbili, bibi ao bwana na watoto wanaokutegemea wanaweza kuandikwa pamoja nawe. Baba, mama na wadogo zako hapana. Kwa viza 491, bibi na watoto wanaweza hata kuombewa nyuma, ukiwa umeshafika. Kwa 190, mtu uliyemwacha nje ya dosye utamwombea viza nyingine, ya ndoa ao ya mtoto, na hiyo ni feza na miaka. Hapo viza ya muda inashinda ya kudumu.

Fizi, nyumba nyingi zinalea mtoto wa marehemu kaka ao dada. Kwetu ni mtoto wako, na hakuna anayeuliza karatasi. Kwa ofisi ya viza, bila akte ya kuzaliwa na hukumu ya tribinali ya kumfanya mtoto wako, ni vigumu kukubaliwa kuwa ni wako. Tunasema hili kwa uchungu, kwa sababu mtoto huyo njo anaweza kubaki mlangoni siku ya safari. Mwenye nia ya kuondoka aanze na karatasi za watoto, pointi zitafuata.

Na uraia? Sheria inataka miaka 4 ya kukaa kihalali, na miezi 12 ya mwisho uwe mkaaji wa kudumu. Miaka ya viza 491 inahesabika. Kwenye karatasi, 3 na 1 ni 4, ingawa kungojea jibu la 191 kunaongeza muda. Tofauti kubwa iko katika ile miaka ya katikati: mwenye 190 akipoteza kazi anaweza kutafuta nyingine popote, lakini mwenye 491 anaitafuta ndani ya mipaka.

Bei nayo isifichwe. Dosye ya mtu mmoja inapita dola 4.000 za Australia. Bado bibi, watoto, mtihani wa Kiingereza, kutafsiri diploma ya Kifaransa, na kuipimisha: kwa maenjeniere, kazi hiyo ni ya Engineers Australia. Lakini kuandikisha nia yako kwenye SkillSelect, mstari wa leta ya Australia, ni bure. Komisyonere anayekuomba feza ili «akuingize kwenye liste» anakuibia. Wakala anayefanya kazi Australia lazima awe ameandikishwa, na majina yao yako wazi kwenye intaneti.

Basi tunashauri nini? Kama pointi zinatosha na jamaa yote imo ndani ya dosye, 190 ni bora: usingizi wake ni mzuri. Kama pointi hazifiki, ao umri unakaribia 45, mahali mlango unafungwa, 491 si aibu. Ni njia ndefu, lakini inafika, kwa mtu atakayeheshimu mipaka yake na kutunza karatasi zake.

Na yule atakayefanya hesabu akaona abaki, naye hajapotea. Barabara ya taifa namba 5, toka Uvira kupita Baraka mpaka Fizi, kila masika inatukumbusha kwamba hata sisi tunatafuta maenjeniere. Hatuna pointi za kuwapa. Tungependa tu leta ya kwetu nayo ifanye hesabu yake.