Filime ya Kipushi inayotuhusu na sisi

Huku Bendera, filime tunazoangalia jioni ni za vita na za mapenzi. Filime juu ya mgodi? Nani atatoa franka zake aone tena vumbi alilokula mchana kutwa? Hata mimi nilisema hivyo, mpaka rafiki mmoja alinionyesha Après la mine kwenye simu yake.

Ni kazi ya Kiripi Katembo, mtoto wa Goma, aliyezaliwa 1979 na kusomea Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa. Ilitoka 2010 pamoja na filime zingine tatu fupi za vijana Wakongomani, ndani ya Congo en quatre actes, chini ya uongozi wa Djo Munga. Mwaka ule ule ikaonyeshwa kwenye tamasha la Berlin, Ujerumani.

Kipushi wengi tunaijua kwa jina, juu tuko na ndugu kule Katanga. Iko karibu kilomita 30 toka Lubumbashi, mpakani na Zambia. Union Minière ilianza kuchimba pale miaka ya 1920, shaba na zinki. Kiisha ikaja Gécamines. Mwaka 1993 kazi ikasimama. Katembo anafika na kamera nyuma ya hayo yote. Kinachomshughulisha si tani zilizotoka, ni familia zilizobaki, zinazoishi juu ya udongo wenye sumu juu hazina pa kwenda.

Huyu kijana alikuwa na akili ya fundi asiye na vyombo. Mwaka 2008, kwa filime yake Voiture en carton, alifunga simu kwenye gari la karatoni, binti mdogo akalivuta kwa kamba katika barabara za Kinshasa. Simu ikaona mji kutokea chini, mahali pa miguu na mavumbi. Na picha zake zilizojulikana zaidi alizipiga kwenye madimbwi ya mvua: watu na nyumba vimepinduka ndani ya maji machafu, na bado vinapendeza. Ziliwekwa Paris mwaka 2015, katika maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier.

Maonyesho yakiwa bado wazi, mwezi wa nane, malaria ikamuua. Alikuwa na miaka 36. Filime yake ya pili katika zile nne, Symphony Kinshasa, inasema juu ya malaria ile ile. Inauma.

Lawama yangu ni moja: ni fupi mno. Nilitaka kukaa zaidi na wale watu, hasa sasa, maana mgodi wa Kipushi ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024.

Ilipoisha, mke wa rafiki yangu, aliyekuwa anasonga bugali, akauliza: «Pale munaoshea muchanga wa dhahabu, batoto banachota maji upande gani?» Sisi wanaume tukanyamaza. Wanachota upande wa chini.

Filime ingali kwenye simu ile. Anayetaka kuiona apite jioni.