Mizizi inapoingia kwenye bomba la choo

Choo kinapogoma kupeleka maji, wa kwanza kulaumiwa huwa ni watoto, kwamba wametumbukiza kitambaa. Fundi huitwa, akasukuma waya, maji yakaenda, akalipwa na kuondoka. Baada ya miezi miwili au mitatu tatizo hurudi pale pale. Ikiwa ndiyo hali ya nyumbani kwako, na uani kuna mwarobaini, mkungu au mkuyu, basi huenda watoto hawana kosa. Mizizi imeingia ndani ya bomba.

Wengi hudhani kwamba mzizi hutoboa bomba. Kwa kawaida sivyo. Mzizi hufuata unyevu. Pale ambapo kiungo hakikupakwa gundi sawasawa, au bomba la zamani la saruji limepata ufa, majitaka huvuja kidogo kidogo na udongo wa hapo hubaki na maji na mbolea hata wakati wa kiangazi. Mzizi mwembamba kama unywele hupenya. Ukishaingia hukuta maji, hewa na chakula, ukatawanyika mithili ya dodoki, ukawa unanasa karatasi na mafuta ya jikoni. Kisha hunenepa na kuupanua ule ufa.

Maana yake ni kwamba bomba lilikuwa likivuja kabla mzizi haujaingia, na hapa ndipo suala la afya linapokuja. Katika nyumba nyingi za mijini bomba la majisafi limepitishwa karibu na la majitaka, pengine katika mtaro mmoja. Maji yakiwa yanatoka kwa nguvu, bomba safi lenye ufa humwaga maji nje. Yakikatika, msukumo hushuka, na uchafu uliomo udongoni huweza kunyonywa na kuingia ndani. Mgao ukirudi, anayekinga ndoo ya kwanza ndiye anayeupokea. Kisima kifupi kilichochimbwa karibu na karo nacho kina hatari hiyo hiyo. Magonjwa yanayopita njia hii ni kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na homa ya ini aina ya A. Tuliona jinsi kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilivyosambaa mikoani hadi Zanzibar.

Tumezoea kuyapima maji ya kutawadhia kwa rangi, harufu na ladha, na kwa twahara kipimo hicho kina nafasi yake. Lakini kwa maji ya kunywa hakitoshi. Maji meupe kabisa yanaweza kuwa na vijidudu. Kwa hiyo bomba la choo likigundulika kuvuja karibu na bomba safi au kisima, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, mpaka matengenezo yakamilike.

Dalili ni hizi: choo hupeleka polepole na kutoa mlio wa kububujika, na maji huibukia kwenye tundu la chini kabisa, mara nyingi sakafu ya bafu. Fungua mifuniko ya chemba. Ikiwa chemba ya karibu na nyumba imejaa na inayofuata ni kavu, kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Fundi atumie fimbo za kuzibulia, akizizungusha kuelekea upande wa mshale wa saa. Akizungusha kinyume zitafunguka na kubaki ndani. Zikitoka na nyuzi nyuzi za kahawia, ni mizizi.

Kuna wanaomwaga mrututu au chumvi nyingi chooni ili kuua mizizi. Mimi siungi mkono, hasa kwa nyumba zenye karo, kwani mrututu huua pia bakteria wanaoozesha uchafu humo, na sumu yake huweza kufika kisimani. Tindikali ni mbaya zaidi. Ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Wala mtu asiingie ndani ya karo kutafuta kizuizi, hata kwa dakika moja. Hewa ya humo imewahi kuua watu, na mara nyingi anayeingia kumwokoa mwenzake naye hufa.

Kukata mizizi hakumalizi kazi, kwa sababu itachipua tena katika ufa ule ule. Dawa ni kufukua, kuondoa kipande kibovu na kuweka bomba la plastiki la inchi 4, viungo vikisafishwa na kukaushwa kabla ya gundi. Mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita unatosha. Kabla ya kufukia, funga upande wa chini, jaza maji, na uangalie kila kiungo. Mafundi wengi huiruka hatua hii, kwa hiyo simama hapo mwenyewe.

Mti si lazima ukatwe ikiwa bomba limekuwa zima. Lakini mti mpya upandwe mbali na mstari wa bomba, angalau mita 3 kwa miti midogo, na mikuyu na mikungu mbali zaidi ya hapo.