Chipu Iliyozeesha Kompyuta

Anayenunua kompyuta ya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, huuliza ukubwa wa diski na hali ya betri. Siku hizi aongeze swali la tatu: ina TPM 2.0? Chipu hiyo ndogo kuliko ukucha imeligawa soko la kompyuta za Windows mafungu mawili.

Kazi yake ni kutunza ufunguo. Diski ikisimbwa, kwa mfano kwa BitLocker ya Microsoft, yaliyomo hayasomeki bila ufunguo, na ufunguo huo hauwezi kuachwa wazi kwenye diski hiyohiyo. Chipu huufunga. Kila kompyuta inapowashwa, programu za mwanzo hupimwa moja baada ya nyingine na vipimo hupelekwa kwenye chipu. Vikilingana na vya siku ufunguo ulipofungwa, hutolewa. Visipolingana, mtumiaji hudaiwa namba ya dharura yenye tarakimu 48. Mwizi akiichomoa diski na kuipachika kwenye mashine nyingine, haambulii kitu.

Viwango vya chipu hizi huwekwa na Trusted Computing Group, umoja wa makampuni ulioanzishwa mwaka 2003, AMD, HP, IBM, Intel na Microsoft wakiwa miongoni mwa waasisi. Kwa miaka mingi chipu ilikuwa hitaji la maofisi makubwa. Oktoba 2021 Windows 11 ikaifanya sharti kwa kila mtu, pamoja na prosesa mpya. Desemba 2023 kampuni ya utafiti wa masoko ya Canalys ilikadiria kuwa kompyuta milioni 240 huenda zikageuka taka kwa kushindwa kuhamia toleo hilo. Oktoba 14, 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ikafikia kikomo.

Sharti hilo halikuwanufaisha sana watengenezaji wa chipu za pekee, kama Infineon ya Ujerumani, STMicroelectronics ya Uswisi na Nuvoton ya Taiwan. Intel na AMD huijenga kazi hiyohiyo ndani ya prosesa zao, na mwaka 2020 Microsoft ilitangaza Pluton, inayofuata njia hiyo.

Ushindani huo una sura ya kiusalama pia. Chipu ya pekee huupeleka ufunguo kwa prosesa kupitia nyaya za ubao mama. Mwaka 2024 mtafiti mmoja aliunasa njiani, kwenye kompyuta ya zamani, kwa kifaa cha dola chache na kwa muda usiofika dakika moja. Kuihamishia kazi ndani ya prosesa huziondoa nyaya hizo, lakini mwaka 2023 watafiti wa Berlin waliivunja TPM ya ndani ya prosesa za AMD. Kinga ya bei nafuu dhidi ya kunaswa kwa ufunguo kwenye nyaya ni kuweka namba ya siri inayodaiwa kabla Windows haijawaka, kwani chipu huhesabu makosa na kuwazuia wanaobahatisha.

Hasara ya kawaida zaidi, hata hivyo, hutokea kwa fundi. Ubao mama ukibadilishwa, chipu ya zamani huondoka nao, na mwenye kompyuta asiyezihifadhi popote tarakimu zake 48 hufungiwa nje ya mafaili yake mwenyewe. Chipu huitambua mashine; mwenye mali na mwizi, kwake ni mamoja.